Huyu Umemkata: Picha za Reli ya Mlimani

Nimezaliwa Kisorya, mahali ambapo barabara huishia majini. Anayetoka Bunda akifika kwetu na safari yake ni ya Ukerewe, hungoja kivuko cha kumvusha hadi Rugezi. Reli hatuna. Kwa miongo mingi tumesikia habari za reli itakayotoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma, na kwetu ingali reli ya kwenye makaratasi. Ndiyo maana ndugu zangu hustaajabu wakisikia kwamba likizo zangu nyingi huzimalizia Nyanda za Juu Kusini, nikiwa na kamera shingoni, nikingoja treni zipande mlima.

Chanzo ni mjomba wangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa kijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, akapelekwa kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA. Alirudi Kisorya na koti zito, kovu mkononi, maneno machache ya Kichina na hadithi ya mlima. Picha hakurudi nayo hata moja. Tulipokuwa watoto tulimsikiliza kama tulivyosikiliza ngano, nusu tukiamini, nusu tukicheka.

Mlima wenyewe si ngano. Reli ikitoka bonde la Kilombero na kuipita Mlimba, hupanda ukingo mrefu hadi Makambako, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Njia nzima, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina urefu wa kilometa 1,860, lakini mahandaki yake mengi yamebanana katika kipande hiki. Vichwa vya treni vya mwanzo vilivyotoka China vilielemewa hapa; mzigo uliokwenda vizuri bondeni ulivishinda mlimani, na katika miaka ya 1980 ikabidi viletwe vingine vyenye nguvu zaidi.

Kutazama treni mahali kama hapa ni shule ya subira. Unaisikia muda mrefu kabla ya kuiona. Mlio wa injini unakaribia, unazimika ghafla handakini, kisha unazuka upande usioutarajia. Dakika chache mabehewa yanapita juu ya daraja, halafu msitu unarudia ukimya wake. Kwa dakika hizo chache nimewahi kungoja kutwa nzima.

Safari moja, katika stesheni ndogo ambayo sitaitaja, mlinzi alinifuata. Kwa umri ni kama mwanangu.

“Shikamoo mzee. Hiyo kamera ina kibali?”

Nilimwitikia, nikakiri kwamba sina. Akanipeleka kwa mkuu wake kwa adabu zote, tukazungumza, nikaruhusiwa. Sikumlaumu. Woga huo una historia. Reli hii ilijengwa kwa sababu Zambia, isiyo na bahari, ilikuwa imezingirwa na tawala za walowezi, hasa baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wake mwaka 1965. Ilikuwa reli ya vita vya ukombozi, na mwaka 1979 majeshi ya Rhodesia yalilipua daraja lake la mto Chambeshi, Zambia. Katika nyakati hizo mgeni mwenye kamera darajani alistahili kuulizwa maswali. Sheria yetu ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, inayodhibiti upigaji picha katika maeneo yaliyolindwa, ni mtoto wa zama hizo.

Treni ilipokuja, yule mlinzi alisimama kando ya njia. Alikuwa ananiharibia picha. Nikasogea hatua mbili kushoto ili asionekane.

Mwaka ule nilikwenda Kisorya na picha 12 nilizozichapisha kwa fahari. Mjomba alivaa miwani, akazitazama moja moja bila haraka. Kwenye daraja alinyamaza. Kwenye mdomo wa handaki akaniambia ni upande upi maji yalikuwa yakiwavamia wakati wa kuchimba. Alipomaliza, akazipanga tena, akaniuliza:

“Mpwa wangu, watu wako wapi?”

Nilicheka, nikamwambia hizi ni picha za treni. Akaichomoa moja na kuweka kidole pembeni kabisa, palipobaki kipande cha mkono wa shati.

“Huyu umemkata.”

Tangu siku ile sijapumzika. Mimi, ninayewafundisha vijana kwamba historia ni ya watu, nilisafiri mamia ya kilometa kumkwepa mtu. Nimekuja kuona pia kwamba kosa hili si langu peke yangu. Tunaposimulia TAZARA tunataja Nyerere, Kaunda na Mao; tunataja mkataba uliotiwa saini Beijing mwaka 1967 na makabidhiano ya mwaka 1976. Makumi ya maelfu ya wafanyakazi, Watanzania, Wazambia na Wachina, hubaki kuwa idadi. Wachina zaidi ya 60 walifariki katika kazi ile, na wenzetu pia walikufa. Ni wangapi miongoni mwetu wanaoweza kutaja jina la mmoja tu?

Swali hili lina uzito leo. Reli iliyosanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilishuka hadi chini ya tani 100,000 katikati ya muongo uliopita. Mwaka 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua. Ni habari njema. Lakini katika mijadala ya ufufuaji nasikia dola, tani na miaka ya mkataba. Wale waliozoa kokoto kwa mikono na kuitunza njia wakati hapakuwa na vipuri wamo pembeni ya picha, kama kile kipande cha shati.

Kwenu wanafunzi: wazee wa reli wanapungua kila mwaka. Nendeni mkawasikilize, muandike majina yao, muwapige picha kwa ridhaa yao. Kwenu watumishi wa umma: si kila daraja ni siri. Wekeni utaratibu wa kibali ulio wazi na mwepesi, ili mwananchi aweze kuitazama mali yake bila kunyatia. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini asizuiwe pia bila sababu.

Nami nilirudi kwenye stesheni ile. Safari hii niliomba vibali viwili: kwa mkuu wa stesheni, na kwa mlinzi mwenyewe. Alivua kofia, akaifuta vumbi, akaivaa tena. Aliniambia kwamba katika miaka yake yote ya kazi hakuwa na picha hata moja akiwa kazini. Treni ilipita nyuma yake, na kwa kweli haionekani vizuri.

Picha hiyo sasa iko ukutani kwa mjomba. Siku nilipompelekea, jambo la kwanza aliuliza jina la kijana yule. Safari hii nilikuwa nalijua.