Deni la Bata wa Saruji

Aliyeaibika ugenini ni bora aisimulie aibu yake mwenyewe nyumbani, kabla haijamtangulia.

Mwaka 2018 nilikwenda Marekani kumtazama binti yangu, aliyekuwa akiishi Columbus, katika jimbo la Ohio. Nyumba za mtaani kwake zina vibaraza mbele, ila vibaraza hivyo havina mazungumzo. Pale ambapo kwetu angeketi mzee na kikombe chake cha kahawa, kwa jirani wa pili aliketi bata bukini wa saruji, mweupe, kimo chake chafika gotini, naye amevaa koti la mvua la manjano na kofia yake.

Binti yangu akanieleza kuwa bata hao walienea sana katika majimbo ya katikati ya Marekani miaka ya 1980, na wapo watu wanaowabadilishia nguo kwa kila msimu na kila sikukuu. Nchi ile ina mapenzi na ndege wasioruka. Heroe wa plastiki, mwenye rangi ya waridi, aliyebuniwa na mchongaji Don Featherstone mwaka 1957, amesimama katika bustani nyingi; mwaka 2009 madiwani wa mji wa Madison, Wisconsin, walimtangaza kuwa ndege rasmi wa mji wao.

Nilicheka, na mshairi akicheka hutafuta kalamu. Asubuhi moja tu, nikiwa dirishani, nilitunga beti saba za mizani kumi na sita, za kumsuta mwanamke anayelivisha jiwe ilhali mlango wake haubishwi hodi na mtu.

Jumapili iliyofuata tukaalikwa chai. Bibi yule alikuwa mjane, umri wake umepita sabini. Alitufungulia sanduku la nguo za bata, zimekunjwa kwa uangalifu kama nguo za bibi harusi. Karibu zote zilishonwa na marehemu mumewe, fundi wa magari, aliyejifunza kushona uzeeni maradhi yalipomzuia kusimama. Watoto waendao shule, alisema, humsalimu bata wakipita. Na ikitokea siku nyingi kupita bila bata kubadilishwa nguo, majirani huja kubisha hodi wamuulize kama ni mzima.

Nilihisi karatasi ikiniunguza mfukoni.

“Binti yako ameniambia umemwandika bata wangu,” akasema. “Nisomee.”

Nikasoma kwa Kiswahili, naye akafumba macho akisikiliza vina. Kisha akataka maana. Kiingereza changu nilikiokota katika kamusi, sikufundishwa na mwalimu; lakini siku ile hakikunipungukia. Palipoandikwa ‘jiwe’ nikasema ‘mlinzi’. Palipoandikwa ‘upweke’ nikasema ‘subira’. Kila suto nikaligeuza sifa, ubeti baada ya ubeti, hadi bibi wa watu akatoa leso akajifuta macho. Binti yangu, anayezijua lugha zote mbili, alikuwa ameinamia kikombe chake.

Tulipotoka hakunilaumu. Tulipofika mlangoni kwake ndipo aliposema:

“Baba, lile ulilomsomea kwa Kiingereza halipo, na yeye anaamini lipo. Liandike.”

Kwa miaka mingi nimejigamba kuwa mfasiri mwaminifu. Nimewasema wenzangu waliopunguza neno la mwenyewe au kuongeza lao. Ila kosa langu la siku ile lilianza kabla ya tafsiri: nilimtungia mtu nisiyewahi hata kumwamkia.

Beti za kejeli nilizichana kabla sijapanda ndege. Hizi nyingine hazikubali kuharakishwa. Mpaka leo ninazo tano; mbili zimebaki. Ule wa mwisho unahusu mkono wa fundi wa magari ukitunga uzi katika tundu la sindano, na kina chake bado kinanikimbia.