Issuna na Ufa wa Gurudumu

Anayetoka Singida mjini kwa barabara kuu iendayo Manyoni na Dodoma hupita Ikungi, makao ya wilaya iliyomegwa kutoka Singida Vijijini mwaka 2012, kisha hufika Issuna. Ni nchi ya mawe makubwa yaliyokaliana kana kwamba yamepangwa kwa mkono, ya mibuyu na migunga, na ya upepo usiochoka. Mvua yake ni ya msimu mmoja tu, na kwa sababu hiyo wakulima wa Kinyaturu wameshikamana na mtama, uwele na alizeti, mazao yasiyomtupa mtu mwaka unapokuwa mgumu. Sisi tulipita mavuno yakiwa yamekwisha, mashina makavu ya alizeti yamesimama mashambani, na kuku wa kienyeji, ambao mkoa huu unasifika kwao, wakiokota masalia.

Zamani misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita kusini ya hapa, ikikata Ugogo na nyika ya Mgunda Mkali, na Uislamu ukaingia bara kwa miguu ya watu hao. Leo yapitayo Issuna ni malori ya Rwanda, Burundi na Kongo. Palipo na malori pana mafundi wa matairi, na hilo lilikuwa kheri kwetu.

Gari letu ni Land Rover 110 ya siku nyingi, iliyowekwa wakfu ili ibebe majeneza, wagonjwa na wanafunzi wa madrasa. Tulikuwa watu tisa, wakiwamo akina mama wawili wazee na watoto wanne, pamoja na misahafu na mabati ya madrasa moja iliyo ndani, mbali na lami. Tulipoiacha lami tu, barabara ilikuwa imejikunja kama yale mabati tuliyoyabeba, na usukani ukaanza kutetemeka kwa namna isiyokuwa ya barabara. Dereva akageuza, tukarudi Issuna polepole.

Fundi aliyetupokea hakuanza na jeki. Alichuchumaa, akatazama matundu ya nati, akatuonyesha michirizi ya kutu iliyotoka pembeni ya nati kama machozi. “Ustadhi, hii rimu imechoka,” akasema. Akalitoa tairi upepo kwanza, lote, ndipo akainua gari na kulegeza nati. Utaratibu huo tuliupenda. Rimu yenye ufa ikiwa bado imejazwa upepo ni kitu cha kuogopwa, na zaidi zile rimu za malori zenye pete, ambazo zikifyatuka huua fundi papo hapo.

Kisha akafanya jambo ambalo kila mzazi mwenye gari la chuma angefaa kuliona. Alisugua rimu kwa brashi ya waya hadi chuma kikang’aa, akaipaka mafuta ya taa, akaacha yaingie, akaifuta ikakauka, halafu akasugua chaki juu yake. Baada ya muda mfupi mstari mweusi ukajichora wenyewe juu ya weupe, kutoka tundu moja la nati hadi la pili, na mwingine mdogo ukielekea la tatu. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yalikuwa yakitoka. Rimu za Land Rover hii hushikwa na nati tano; matundu matatu kati ya matano yalikuwa yameguswa. Akaining’iniza kwa kamba, akaigonga kwa spana: ikalia kama sufuria iliyotoboka. Akagonga nyingine nzima, ikalia kama kengele. Wafanyakazi wa reli nao walikuwa wakigonga magurudumu ya mabehewa kwa nyundo namna hii hii, wakisikiliza.

Chanzo cha nyufa hizi kwa kawaida si kimoja. Nati ikilegea, rimu hucheza juu ya habu na chuma huchoka kidogo kidogo, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Nati ikikazwa kupita kiasi, kwa kuchomeka bomba kwenye spana na kulikanyaga, chuma huvutwa kupita uwezo wake. Rangi nene chini ya nati nayo hudanganya: hupondeka safarini, nati ikabaki imelegea. Ongeza mzigo, ongeza mikunjo ya barabara.

Mzee mmoja wa Issuna, ambaye tulimwamkia kwa heshima zote, alituhurumia akashauri rimu ichomelewe tuendelee na safari. “Wanangu, chuma huungwa kwa chuma,” alisema. Fundi alikataa kwa adabu. “Mzee wangu, nikichomelea, moto utakidhoofisha chuma cha pembeni, na ufa utarudi kando ya pale nilipounga. Kwa tela la ng’ombe sawa. Kwa hawa watoto, hapana.”

Baadhi yetu walisema tutawakali. Lakini Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mwenye ngamia, alimwelekeza amfunge kwanza ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu, na kwa maoni yetu kukagua nati ni katika huko kufunga. Aidha gari ni amana. Katika madhehebu ya Shafi, gharama za kutengeneza kilichowekwa wakfu hutoka pale alipoainisha mwenye wakfu. Asipoainisha, hutoka katika mapato ya wakfu wenyewe. Gari letu halina pato, hivyo wasafiri walichanga papo hapo, hata wale akina mama wakafungua vifundo vya khanga.

Rimu ya akiba ilipimwa kwa mafuta ya taa na chaki, ikaonekana nzima. Fundi akasafisha uso wa habu, akakaza nati kwa kuruka moja baada ya nyingine, si kwa kufuatana, akamwamuru dereva asimame baada ya mwendo mfupi akaze tena. Watoto na akina mama walilala Issuna kwa jamaa wa msikitini. Misahafu ilitangulia na watu watatu, mwendo wa pole. Mabati yaliondoka asubuhi kwa tela la ng’ombe.

Ikabaki ile rimu mbovu. Alitokea mnunuzi akitaka kuipaka rangi na kuiuza. Tulikumbuka jinsi Mtume (S.A.W.) alivyoingiza mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta unyevu umefichwa chini, akamkemea muuzaji; tukamwomba fundi aikate kwa gesi vipande viwili mbele yetu. Madrasa iliitaka iwe kengele, ila kwa mlio ule haikufaa. Kipande kimoja kimekuwa jiko nyuma ya msikiti wetu, na Ramadhani hukalia sufuria ya uji wa futari. Cha pili fundi alikiomba, akakitundika mlangoni pake, mstari wa chaki ukiwa bado unaonekana.