Mla Umeme Alikuwa Juu ya Dari

Mimi ni mkulima. Naishi karibu na Kwihara, nje ya mji wa Tabora. Huku ndiko ilikopita njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wengi wa babu zetu walikuwa wapagazi katika njia hiyo.

Umeme ulipofika nyumbani kwangu nilifurahi sana. Niliweka glopu tatu za zamani, zile zenye waya mwembamba ndani. Kila moja ilikuwa ya wati 60. Lakini uniti za LUKU zilikwisha upesi. Kabla ya mwezi kwisha tulirudia kibatari.

Nilimlaumu binti yangu. Yeye yuko Kidato cha Nne, na husoma kila usiku. Nilimwambia, "Wewe ndiye unayemaliza umeme. Zima taa, ulale." Alizima. Hakunijibu neno.

Siku moja mke wangu alining'iniza glopu juu ya boksi la vifaranga. Vifaranga walijikusanya chini yake kama chini ya mama yao. Binti yangu akasema, "Baba, glopu hii hutoa joto kuliko mwanga. Sisi tunanunua joto."

Ni kweli. Waya ule hautoi mwanga mpaka uwe wa moto sana. Katika kila sehemu 100 za umeme, kama sehemu 5 tu huwa mwanga. Nyingine zote huwa joto.

Taa ya LED haina waya wa kuchomwa. Ina vipande vidogo ambavyo hutoa mwanga umeme unapopita ndani yake. Taa ya LED ya wati 9 huangaza karibu sawa na glopu ya wati 60.

Tulichukua daftari, tukapiga hesabu. Glopu ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku, kwa siku 30 hula uniti 9. Glopu tatu hula uniti 27. Taa tatu za LED za wati 9 hula uniti 4 hivi.

Fikirini msafara wa zamani. Mzigo wa watu 9 unabebwa na watu 60, na wote 60 wanataka posho. Chakula kitakwisha kabla ya kufika Ujiji. Ndivyo nilivyoishiwa umeme.

Niliuza asali, nikanunua taa tatu za LED. Glopu ya zamani hudumu kama saa 1,000. LED nzuri hudumu saa 15,000 au zaidi. Glopu moja tumewaachia vifaranga, maana wao wanahitaji joto.

Binti yangu nilimwomba radhi. Nilimzimia taa mtoto anayesoma, kumbe mla umeme alikuwa juu ya dari.

Ndugu wasomaji, mkienda dukani msiulize bei peke yake. Someni na namba ya wati kwenye boksi. Kusoma tumekwisha kujua. Sasa tukutumie.