Klachi ya Injini Ngeni

Nguvu haifai kitu mpaka ipate njia ya kukabidhiwa. Injini ya motokaa huweza kunguruma kama simba, lakini magurudumu hayasogei hata shubiri moja mpaka klachi ikubali kuipokea nguvu hiyo na kuifikisha kwenye giaboksi. Watu husifu injini kwa sauti yake na gari kwa mbio zake. Klachi haisifiwi na mtu, hutajwa siku inapoharibika tu. Hata hivyo, injini ya gari moja inapotiwa katika gari jingine, klachi ndiyo mizani ya ustadi wa fundi.

Ufundi huu ulistawi sana Marekani. Mwaka 1932 kampuni ya Ford ilianza kuuza injini ya silinda nane kwa bei ambayo watu wa kawaida waliimudu, na mwaka 1955 Chevrolet ikatoa yake, ndogo kwa umbo na kubwa kwa nguvu. Vijana wapenda mbio waling'oa injini kuukuu katika magari yao wakatia hii mpya, na mara nyingi giaboksi ilibaki ile ile ya zamani. Vyombo hivi viwili vikawa kama mume na mke waliotoka katika koo zisizojuana. Kila upande ulikuja na desturi zake, na klachi ikawa mshenga baina yao.

Mshenga huyo ana mengi ya kuangalia. La kwanza ni flaiwili, yaani gurudumu zito lililofungwa nyuma ya krenkishafti. Injini za Chevrolet za jamii hiyo zilizoundwa kabla ya mwaka 1986 hufunga flaiwili kwa bolti sita zilizopangwa katika duara ya inchi 3.58, zilizofuata zina duara ya inchi 3.00. Tofauti ni ndogo kwa jicho, lakini moja haikai mahali pa nyingine. Tena, baadhi ya flaiwili zimeongezwa uzito upande mmoja ili kuisawazisha krenkishafti, na nyingine hazikuongezwa. Akosaye hapo huipa injini homa isiyo na dawa. Itatetemeka mpaka beringi zake ziishe. Meno ya ukingoni nayo ni 153 au 168, na stata sharti ilingane nayo.

La pili ni sahani ya klachi. Hii hutumikia mabwana wawili: uso wake hushikana na flaiwili ya injini, na kitovu chake huvaa meno ya shafti ya giaboksi. Shafti moja huwa na meno 10, nyingine 26. Kwa hiyo fundi mwangalifu huhesabu kwanza, kisha hununua. Mwisho hupima kama gamba linalofunika klachi limekaa katikati sawasawa. Upotofu unaovumiliwa ni inchi 0.005, jambo linalokaribia unene wa karatasi.

Uzito nao una hukumu yake. Flaiwili ya ratili 30 hivi huliondoa gari kwa upole hata likiwa na mzigo. Ya alumini, yenye nusu ya uzito huo, huiacha injini ipande mbio upesi, lakini huzimika kwa urahisi njiani penye msongamano. Hapana iliyo bora kwa kila mtu. Fundi mwema humwuliza mwenye gari anakwenda wapi kabla ya kumwuliza ana fedha ngapi.

Lakini lililo zito kuliko yote ni usalama. Mizunguko ikizidi mara mbili, nguvu inayokivuta chuma kuelekea nje huzidi mara nne. Flaiwili yenye upana wa inchi 14, ikizunguka mara 6000 kwa dakika, ukingo wake hukimbia karibu kilomita 400 kwa saa. Flaiwili ya chuma cha kusubu iliyoundiwa injini ya taratibu huweza kupasuka katika mwendo huo, na vipande vyake hupasua gamba na sakafu. Juu ya sakafu hiyo imekaa miguu ya dereva. Ndiyo maana sheria za mashindano hudai magari ya mbio nyingi yawe na flaiwili na klachi zilizothibitishwa, na gamba imara la kuzuia vipande.

Barabarani hakuna mkaguzi wa namna hiyo. Ufa uliozaliwa na joto huweza kuwa mwembamba kama unywele. Flaiwili kuukuu ikikerezwa uso hung'aa kama mpya, na gamba likisha kufungwa hakuna aonaye kilichomo. Mwenye gari hulipa, hushukuru, huenda zake pamoja na watoto wake. Anachokiamini hakukiona, wala hana elimu ya kukipima. Fundi peke yake ndiye ajuaye kama aliutafuta ufa ule kabla ya kukaza bolti ya mwisho.