Kibuyu cha Matinyani

Matinyani, magharibi mwa mji wa Kitui, tulikaribishwa uji kwa bibi mmoja wa Kikamba, miongoni mwa watu ambao wazee wao walishusha misafara ya pembe hadi Mombasa katika karne ya 19. Ukutani kilitundikwa kibuyu chenye ufa ulioshonwa kwa uzi wa katani. Wajukuu wamemnunulia jagi la plastiki, wala hataki kukitupa. "Mshono huu ni mkono wa mama," alituambia.

Tukazikumbuka sahani za kaure ya Uchina katika zidaka za Lamu. Ngapi zimeuzwa, zidaka zikabaki tupu! Ndugu wasomaji, chombo huvunjika. Basi kabla hakijavunjika, waelezeni watoto kilikuwa cha nani, wapate kumwombea rehema.