Kazi ya Kulipua

Mwalimu alistaafu mwaka wa 2022, baada ya kulifundisha somo la Kiswahili katika shule za upili kwa miaka 33. Kiinua mgongo chake kilikuwa kimekwisha kugawanywa hata kabla hakijaingia benki: karo ya kitinda mimba, deni la chama cha akiba na mikopo, mabati ya nyumba ya mashambani. Salio alilitengea jiko. Si kwamba alikuwa mpenda anasa, la hasha. Maisha yake yote alikuwa amepikia katika vijumba vya giza ambamo sufuria zilirundikwa sakafuni na unga ukahifadhiwa mvunguni mwa kitanda. Isitoshe, mamake mzazi, mwenye umri wa miaka 84 na magoti yasiyomtii tena, alikuwa amehamia kwake Kasarani, naye ajuza huyo alikataa katakata kulishwa pasipo kufanya kazi. Alitaka kuchambua mboga. Kwa hiyo Mwalimu alihitaji meza ya kimo cha kumfaa mtu aliyeketi, pamoja na saraka, au droo kama wasemavyo maseremala wetu, zinazofunguka kwa kuvutwa kidogo tu.

Jirani yake alimshauri amtafute fundi wa jua kali kando ya barabara. Mwalimu alikataa. Fundi wa barabarani hana anwani, alisema, na leo yupo, kesho kibanda chake kimebomolewa. Akaiendea kampuni yenye chumba cha maonyesho kilichong'aa, ambako alipewa chai, akaonyeshwa michoro kwenye kompyuta na kukabidhiwa mkataba wa kurasa sita, wote kwa Kiingereza. Bei ilikuwa shilingi 380,000, na asilimia 70 ikatakiwa ilipwe kabla ya kazi kuanza. Alitia sahihi. Ni ajabu jinsi mhuri na karatasi nyeupe vinavyoweza kumlevya mtu aliyewaonya wanafunzi, miaka nenda miaka rudi, wasidanganywe na ufasaha wa wahusika laghai katika tamthilia.

Makabati yalifika Machi 2023 na kusimamishwa kwa siku mbili. Mkataba ulisema siku tano. Mwalimu aliuona upesi huo kuwa ustadi.

Mwezi wa Mei mlango mmoja wa juu ulianza kuning'inia. Mwezi wa Juni sakafu ya kabati lililo chini ya sinki ilivimba kama andazi, ngozi yake nyeupe ikapasuka na kutoa unga wa rangi ya kahawia. Kisha, asubuhi moja ya Julai, ule mlango wa juu ukabanduka pamoja na bawaba zake na kumwangukia ajuza kwenye kifundo cha mkono alipokuwa akichambua sukuma wiki. Mfupa haukuvunjika, ila mkono ulifura kwa wiki mbili. Alipopona hakuingia tena jikoni. "Jiko lako lina hasira," alimwambia bintiye, akahamishia ungo wake ukumbini.

Simu sita zilipigwa kwa kampuni. Mara meneja yuko mkutanoni, mara gari limeharibika. Hatimaye alitumwa kijana mmoja, miongoni mwa wale waliosimamisha makabati hayo, akiwa na bisibisi na chupa ya gundi. Kijana alichuchumaa mbele ya sinki kwa muda mrefu bila kugusa kitu.

"Mwalimu," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini ingawa hapakuwa na mtu mwingine, "hii haiponi kwa gundi."

"Kwa nini, mwanangu?"

Akamweleza. Mkataba ulitaja plaiwudi isiyopenya maji, yaani tabaka nyembamba za mbao zilizogandamizwa nyuzi zikipishana, ndiposa hazipindi upesi. Kilichowekwa kilikuwa ubao wa chenga za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi na kuvikwa ngozi laini juu na chini. Ubao wa namna hii una mahali pake, na mtu hawezi kuulaani bure. Katika kabati la nguo hudumu miaka mingi. Adui yake ni maji. Pale msumeno unapoukata kupitisha bomba, chenga hubaki wazi, na zisipozibwa kwa silikoni au rangi hunywa kila tone, zikavimba, na zikishavimba hazirudi. Hata skrubu za bawaba hukosa pa kushika pindi ubao unapolegea. Wao waliyajua hayo. Lakini walilipwa kwa idadi ya majiko waliyomaliza, wala si kwa siku, na jiko la pili lilikuwa likiwangoja mtaa wa pili.

"Tafadhali usiseme ni mimi," aliomba akiondoka. "Nina mtoto mchanga."

Ombi hilo lilimkosesha Mwalimu usingizi kuliko hasara yenyewe. Meneja, alipopatikana, alimwita "mama" kwa upole wa kuudhi, akamkumbusha kwamba mbao zilikuwa zimepanda bei tangu serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018. Zilikuwa zimepanda kweli. Hata hivyo, bei ikipanda muuzaji huipandisha ankara, hambadilishii mnunuzi bidhaa gizani. Akaongeza kwamba, kama kuna kosa, basi ni la mafundi, nao watakatwa mshahara. Mwalimu akatambua hapo kwamba lalama zake zote zingemwagwa kichwani mwa yule kijana.

Alikumbuka Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka wa 2010, inayompa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na ya kufidiwa akipata hasara au jeraha kutokana na kasoro zake. Mwanawe akamweleza kuhusu Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016 na kuanza kazi Milimani mwaka wa 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, mdai anaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka hukumu itolewe katika muda wa siku 60.

Maadamu Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Ibara ya 7, aliazimia kuyaandika maelezo yake kwa Kiswahili. Hapo ndipo kalamu ilipokwama. Kiingereza cha mkataba kilikuwa na neno moja la kutaja kazi ya mkono, neno ambalo huweza kuwa zuri au baya kutegemea kivumishi. Kiswahili kina "ufundi", lakini neno hilo tayari limebeba sifa ndani yake, na "ufundi mbovu" ilimkera sikioni kama "asali chungu". Akaandika, akafuta. Usiku wa manane likamjia neno alilolisikia kwa marehemu babake kila mara mtoto alipofagia katikati ya chumba na kuziacha pembe: kulipua. Baruti hulipuliwa, na kazi pia hulipuliwa, ikifanywa haraka haraka ili mradi iishe. Neno hilo lilikuwa na faida nyingine kwake. Halimkatazi mtu kuwa fundi hodari. Anayelipua leo kwa kuharakishwa anaweza kesho, akipewa muda, kufanya kazi safi. Akaandika kwamba kampuni ililipua kazi, kampuni ikiwa kiima cha sentensi, na kijana asitajwe popote.

Alihitaji ushahidi ambao haukutoka kinywani mwa mtu. Nyuma ya mtungi wa gesi alipata kipande cha ubao kilichosahauliwa na mafundi. Alikipima: milimita 18. Akakilaza ndani ya beseni la maji usiku kucha, akakipima tena mbele ya jirani yake: milimita 23. Akapiga picha zote mbili, akaziambatisha na mkataba, stakabadhi, na cheti cha zahanati alikotibiwa mamake.

Kesi haikufika kusikilizwa. Wiki mbili baada ya kupokea hati ya madai, Novemba 2023, kampuni iliomba suluhu na kurejesha shilingi 150,000. Mwanawe alitaka wakatae, kwa kuwa hasara ilikuwa kubwa zaidi. Mwalimu alikubali. Alimpigia kijana amwombe aje, kwa malipo yake mwenyewe, alijenge upya kabati la sinki, ila nambari yake haikupatikana tena, na dereva wa kampuni alisema kijana huyo aliacha kazi tangu Septemba. Kama aliacha au aliachishwa, dereva hakusema, na Mwalimu hakuthubutu kuuliza mara ya pili.

Kabati la sinki lilijengwa na mzee wa kando ya barabara, kwa plaiwudi, siku nne. Alikuja na pimamaji yake akaiweka juu ya kila kitu, hata juu ya friji, ajuza akimtazama kutoka mlangoni. Siku ya tatu alivuta kiti na kuingia, ungo mapajani. Mzee hakugusa upande wa pili, kwani fedha zilikuwa zimeisha. Saraka ya tatu bado inakwama, nayo huvutwa kwa mikono miwili. Ajuza huiita "ile ya kampuni", na humo hawaweki kitu wanachokihitaji kwa haraka.