Tunduma: Drafti ya kijiweni inapohamia mezani nyumbani

Jua linapozama Tunduma, malori bado yamejipanga kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam, yakisubiri kuvuka kuingia Nakonde, Zambia. Kando, kwenye vibaraza vya maduka, wanaume wameinamia ubao wa drafti: miraba 64, vizibo vya soda 12 kila upande, vya huyu vimelala kifudifudi, vya yule chali. Hakuna anayetazama saa. Nyumbani chakula kinapoa.

Mji huu wa Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una ndoa nyingi za watu wa safari. Dereva hulala nyumbani siku mbili, ya tatu yuko njiani. Muda wa wenza ni mfupi, na mwingi humezwa na simu. Mchezo wa mezani unaweza kuuokoa, ila ukichaguliwa vibaya huleta nongwa.

Kosa la kwanza ni mume kuleta drafti ya kijiweni na kumfunga mkewe mara tano mfululizo. Drafti haina bahati; mzoefu hushinda. Mke akichoka kufungwa, ubao unaishia uvunguni. Dawa ni mzoefu kuanza na vizibo tisa dhidi ya 12, kisha kuongeza kimoja kimoja kadiri anavyoanza kufungwa.

Kama tofauti ni kubwa mno, ludo inafaa zaidi. Dadu haijui nani amekaa kijiweni miaka kumi, na watoto wawili wanaweza kuongezwa wakatimia wanne. Karata nazo huchanganywa upya kila mara, kwa hiyo aliyefungwa sasa ana matumaini ya mkono unaofuata.

Wenye subira wana bao la kete: mashimo 32, kete 64. Kila mmoja huanza na kete 10 ubaoni na 22 za akiba. Hapo mpakani wapo waliooana mmoja akitoka Tunduma, mwingine Nakonde. Upande wa Zambia kuna nsolo, mchezo wa ukoo mmoja na bao, lakini sheria zake ni nyingine. Wasipokubaliana kabla ya kete ya kwanza wacheze kwa sheria za nani, ugomvi utaanza kabla ya mchezo kunoga.

Pesa isiwekwe mezani. Anayefungwa aoshe vyombo, inatosha. Na mshindi asicheke mbele ya watoto, maana wanajifunza hapo jinsi baba na mama wanavyoshindana bila kudharauliana.

Alfajiri lori linaunguruma nje. Mchezo wa jana haukuisha, hivyo ubao umewekwa juu ya kabati, vizibo vikiwa vilevile, na watoto wamekatazwa kugusa. Baba akirudi, zamu ni ya mama.